Moshi wa Ng'ambo ya Korongo

Kuona moshi si kubisha hodi. Leo mmemsikia mama mmoja akimtupia mwanawe maneno hayo, mkacheka, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Haya, kaeni. Yalianzia huku huku milimani Upareni, na nimtaje kabisa mjinga wa siku hiyo: alikuwa Elieneza, na hata mwenyewe habishi.

Bibi yake, Nakijwa, aliishi peke yake ng'ambo ya korongo tangu babu alipofariki. Desturi ya huko, mtu akiamka hutazama kwanza paa la mzee anayeishi peke yake. Moshi ukipanda, mzee kaamka salama. Usipopanda, watu hukimbia, na wengine hukimbia na majembe kabisa.

Elieneza alikuwa hodari wa kutazama. Mswaki mdomoni, macho ng'ambo: moshi ule! Basi humpigia simu baba yake aliyefanya kazi Tanga. "Bibi mzima, Baba. Keshawasha moto." Kwenda kwenyewe kulitaka jasho, na jasho lake alilitunza kama mali ya yatima.

Mvua za vuli zikaisha hivyo. Asubuhi moja baba akachoka. "Kila siku moshi, moshi! Mpelekee simu nisikie sauti ya mama yangu."

Elieneza akashuka, akapanda, akafika akihema, baba keshapigiwa na simu iko hewani. Alimkuta bibi ameketi chini kando ya mafiga, mguu umevimba kama shina la mgomba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Elieneza akatafuta pa kukaa. Nyumba nzima haikuwa na kiti. Mguu wa kiti cha mwisho ulikuwa ukiungua mekoni. Akashtuka, akasahau kwamba baba yake yuko kwenye simu anasikiliza.

"Bibi! Umechoma viti vya babu?"

"Kuni ziko bondeni, na mguu hauendi. Viti ni vya wageni. Ulitaka nimkalishe nani?"

"Si ungeita? Sauti inavuka korongo hili!"

"Niliita mpaka ikakauka. Nikajikokota hadi mlangoni, nikapunga mikono yote miwili. Nawe ukanipungia."

Elieneza akakumbuka. Kweli alipunga, tena akacheka, akamwambia baba yake kwamba bibi ana nguvu kuliko vijana. Kwenye simu, kutoka Tanga, alisikika mtu mzima akivuta kamasi.

Hapo angenyamaza, lakini mjinga hakosi utetezi.

"Bibi, haki ya Mungu, hakuna asubuhi niliyoacha kuutazama moshi wako! Muulize Baba!"

Bibi Nakijwa akausukuma ule mguu wa kiti ndani ya moto, wala hakumtazama.

"Mjukuu wangu," akasema, "kuona moshi si kubisha hodi."