Kawa la Mwalimu Pelele

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na shule zao, palikuwa na mwalimu wa kwaya aliyeitwa Pelele. Mnamjua pelele? Yule mdogo wa majabalini, asiye na mkia, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Kila mwisho wa mwaka kwaya yake iliwaimbia wazazi, kisha ukaliwa mkate wa kumimina. Watoto waliuandaa wenyewe. Waliloweka mchele, wakautwanga, wakakuna nazi, na Pelele akauoka kwa makaa chini na makaa juu mpaka ukaumuka vizuri. Lakini kula, hawakula. Wakubwa walitangulia, nao wakubwa walikuwa Kiboko, mwenyekiti wa kamati ya shule, na Nyati, na Fisi, ambaye hakuwa na mtoto pale shuleni ila hakukosa sherehe hata moja.

Mwaka uliopita Digidigi, binti aliyeanzisha nyimbo, alifika kwenye sinia akakuta mafuta tu. Akalia. Fisi akajipangusa mdomo, akamwambia, "Usilie, mwanangu. Harufu nayo ni riziki."

Neno lile lilimkaa Digidigi rohoni. Tamasha la mwaka huu lilipokaribia, akamwambia mwalimu wake kwamba haimbi tena. Na bila Digidigi, niwaambie ukweli, kwaya ile ilikuwa kelele tu.

Pelele akamtazama. "Ukila wewe kwanza, utaimba?"

"Nitaimba, Mwalimu. Lakini Kiboko atazuiwa na nani?"

"Atazuiwa na Fisi. Fisi atazuiwa na Nyati. Mimi sina nguvu hizo."

Digidigi hakuelewa. Nanyi naona hamjaelewa. Tulieni.

Siku ya tamasha, wageni wakubwa walitandikiwa mkeka mbele kabisa. Katikati ya mkeka palikuwa na kitu kipana kilichofunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula. Mvuke ulipenya pembeni. Pelele akawaamkia kwa adabu, akasema kwamba safari hii amewawekea chao karibu, wakilinde wenyewe. Kisha akaenda kuongoza kwaya.

Hakuna aliyethubutu kufunua. Hata Fisi, pamoja na ufisi wake, alijua kwamba mgeni hafunui kawa, hufunua aliyefunika. Lakini kujua kilichomo, walitaka mno.

Fisi akanusa, nff, nff. Akasema hiyo ni hiliki, na mdalasini upo, basi mkate umemwagiwa shira. Nyati akatega sikio. Ndani mlilia chwi, chwi, chwi. Akasema mkate haulii, hizo ni kaimati. Kiboko akasogeza tumbo, akahisi joto, akaapa kuwa ni halwa. Wakabishana kwa kunong'ona, na kila mmoja akamchunga mwenzake asije akapenyeza mkono.

Huku nyuma kwaya iliimba. Kila ubeti ulipoisha, mstari mmoja wa watoto ulichomoka kuelekea jikoni, nyatu nyatu, na uliporudi ukatoka mwingine. Digidigi alikuwa wa kwanza. Aliporudi, sauti yake ilipanda mpaka ndege mitini wakanyamaza wamsikilize.

"Mbona wakirudi wanalamba vidole?" Fisi aliuliza.

"Usinigeuze kichwa," alisema Kiboko. "Nikitazama huko, Nyati atafunua."

Fisi akaona hayo ni kweli kabisa, akarudisha macho kwenye kawa.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Pelele akaja, akafunua. Wakubwa wakainama wote kwa pamoja, vichwa vikagongana, ko!

Lilikuwa karai la maji yenye hiliki na mdalasini, na ndani yake mawe yaliyotolewa motoni.

"Hiki ni nini?" aliuliza Kiboko.

"Maji ya kunawa, Mwenyekiti. Mgeni hunawa kwanza."

"Na mkate?"

"Waliouandaa wamekwisha kula."

Fisi alikwenda jikoni mbio, akakuta sinia limelambwa likang'aa. Akarudi masikio yameinama, akauliza kwa sauti ya kilio wao sasa watakula nini.

Pelele akamtazama Digidigi. Binti akajipangusa mdomo, akapiga goti kidogo kama mtoto mwenye adabu.

"Usilie, mjomba," alisema. "Harufu nayo ni riziki."

Wazazi wote wakaangua kicheko, hata Nyati. Mwaka uliofuata watoto walipakuliwa kwanza, na Pelele hakuhitaji karai.

Hadithi nimeitua hapo, nanyi ondokeni na hili: neno unalomlisha mdogo leo, ipo siku utapakuliwa wewe.