Mlango wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, watoto, wilaya hii ilipokuwa haina jina wala mpaka, ukame uliwafukuza wanyama kutoka nyanda za juu. Wakateremka na vyungu vichwani, wakitafuta pa kukaa.

Wa kwanza kufika bondeni alikuwa Bi Nguchiro, mjane mwenye wana wachanga. Alijenga kibanda cha fito kando ya chemchemi, akatundika mkeka mlangoni. Shahidi wa kusema kwamba ndiye aliyetangulia hakuwa naye.

Nyuma yake akaja Bwana Kifaru. Akaitazama chemchemi, akakitazama kibanda. Gwaa! Fito zote chini. Akamwambia Bi Nguchiro kwamba kesho Mzee Tembo, mgawa ardhi wa wanyama wote, angekuja kupanda minyaa, miti ya kuonyesha mipaka, na kila chemchemi ingepewa mwenyeji wake; basi yeye na wanawe waondoke.

Bi Nguchiro alijua kwamba bila maji yale wanawe hawataishi hadi kuiona mvua.

"Bwana mkubwa, umebomoa vyote," akasema kwa upole. "Mlango tu niachie."

Kifaru akacheka hadi masikio yakatikisika. "Mlango bila nyumba? Chukua, mama. Uufunge vizuri, upepo usitoke."

Asubuhi Bi Nguchiro alisimika nguzo mbili kwenye njia ya chemchemi, akashusha mkeka katikati. Kushoto wazi, kulia wazi. Nyuma ya mkeka akapanga mafiga, akabandika kunde, akaanza kutwanga: twi, twi, twi. Moyo wake ulitwanga kuliko mchi.

Kifaru akaja akimwongoza Mzee Tembo, akimsimulia njia nzima jinsi alivyofyeka pori lile kwa pembe yake, na kwamba hakumkuta mtu. Wakaufikia mkeka.

Angeweza kupita kando. Angeweza kuukanyaga. Lakini Kifaru alilelewa na bibi aliyemfunza kwa fimbo kwamba mkeka ulioshushwa haupitwi kimya. Kabla hasira haijapanda, miguu ilikwisha kusimama. Akakohoa.

"Hodi."

Mchi ukanyamaza. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Kifaru. Niko na Mzee."

"Karibuni, wageni wangu. Kunde zimeiva."

Mzee Tembo hakusogea. "Kifaru mwanangu, kwako wewe hupiga hodi?"

Kifaru akarudi nyuma hatua moja.

"Aliyepiga hodi ni mgeni," akasema Tembo, "na aliyeitikia karibu ni mwenyeji." Akachomeka mnyaa wa kwanza wa wilaya yetu penye nguzo ya mlango ule.

Bi Nguchiro akashusha pumzi aliyoizuia tangu jana. Akawaita wanawe waje wanywe, nao wakanywa hadi matumbo yakawa ngoma. Bakuli la kwanza la kunde akampa Kifaru, kwani mgeni ni mgeni. Kifaru akala, akalamba bakuli, kisha akainuka bila kuambiwa, akaanza kuokota fito moja moja na kuzisimika upya.

Nguvu huibomoa nyumba, watoto wangu, lakini haiwezi kuibomoa desturi.