Shimo la Ukuta wa Jiko

Mkunga wa mbali huona kwa ulimi wako. Mmelisikia neno hilo jana, jirani yetu alipokuwa akimweleza bwana mifugo kwa simu habari za ng'ombe wake nusu nusu, na baba yenu akamtupia juu ya ua. Mkacheka, halafu mkaja kuniuliza lilitoka wapi. Kaeni basi, na mahindi yaendelee kupukuchuliwa, maana masikio hayazuii mikono kufanya kazi. Methali hii ilianza hivi.

Juu kabisa milimani Upare palikuwa na kijiji kiitwacho Ikongwe. Ukungu wa huko huingia nyumbani bila kupiga hodi, hukaa jikoni kama mgeni aliyezoea, na jua likichomoza huaga polepole. Mtu akiishi huko siku nyingi huwa hana hakika sana ni lini yu macho na ni lini anaota.

Hapo aliolewa Niendiwe, binti mpole, mwepesi wa kucheka, mgumu wa kukiri kosa. Mimba yake ya kwanza ilifika miezi saba tu. Mtoto alikuja bila kulia, wakamzika nyuma ya migomba, na tangu siku hiyo Niendiwe hakuipita njia ile. Aliposhika mimba ya pili hakumwambia mtu, mpaka tumbo lilipojisema lenyewe. Alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: huyu amsikie akilia.

Zahanati ilikuwa bondeni, na muuguzi wake alimpima damu mara moja kwa mwezi. Kwa siku nyingine zote, wanawake wa milimani waliwekwa chini ya wakunga wa mjini waliowalea kwa simu. Wa Niendiwe aliitwa Bi Tunu. Simu ilishika mahali pamoja tu, kwenye pembe ya shamba la tangawizi, kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi alasiri, Niendiwe alikwenda kuketi pale kusubiri.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, niwekee sahani nione."

Naye huanza kuitandaza sahani yake kwa maneno: makande, mnavu, dagaa, kipande cha papai. Bi Tunu huandika yote kwenye daftari, akirudia kila jina taratibu kana kwamba anatafuna. Kisha humwambia, "Chai usinywe na chakula, iache saa moja ipite. Mboga ikamulie ndimu. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto. Jioni tembea kidogo, ila ndoo ya maji mwachie mumeo, haitamuua."

Niendiwe hakuwahi kuiona sura ya mama yule, lakini aliipenda sauti yake hata akaizoea kama harufu ya tangawizi. Mara nyingine aliisikia hata simu ikiwa imezimwa. Alikuwa akilala mchana, mvua ikinyesha taratibu juu ya bati, akaisikia ikimwambia ageukie kushoto, naye akageuka.

Sasa sikilizeni kosa lake. Siku ya kwanza kabisa Bi Tunu alimwambia, "Na udongo, mwanangu, hamu yake naijua. Usiule. Unashibisha bure, na ile damu unayoitafuta kwenye mboga na vidonge, udongo huizuia njiani."

"Sili, Bi," akajibu Niendiwe. Na wakati huo huo kipande cha udongo kilikuwa kwenye pindo la kanga yake, bado kina unyevu.

Msimcheke. Hamu ile haimwombi mtu ruhusa. Mvua ikinyesha Ikongwe, ukuta wa jiko la zamani la mama mkwe wake ulitoa harufu ambayo Niendiwe hakuweza kuieleza. Ilimrudisha utotoni, ikampitisha utoto wenyewe, ikampeleka mahali asipopajua lakini alipotaka kubaki. Alisimama mbele ya ukuta macho yakiwa mazito, akajikuta kidole kimekwisha bandua kipande. Kidogo tu. Kikamyeyukia ulimini, na dunia yote ikatulia.

Kidogo tu ya leo na kidogo tu ya kesho. Shimo nyuma ya chungu kikubwa likawa la kidole, likawa la ngumi, likawa la kupitisha kichwa cha mbuzi. Mama mkwe, Mama Kadeghe, akaona ni kazi ya panya. Akatega mtego, akaweka samaki mkavu. Siku tatu samaki hakuguswa.

"Panya wa mwaka huu wana kiburi," akasema. "Wanakula nyumba, samaki hawataki!"

Niendiwe akainama, akazidi kuchambua maharage.

Lakini damu haifichiki. Mwezi wa tano muuguzi alipima wingi wa damu akapata kumi, chini kidogo ya kumi na moja inayotakiwa. Mwezi wa sita, tisa. Mwezi wa saba ikashuka hadi saba na nusu. Bi Tunu akazidisha mboga, na Niendiwe akazila kweli, wala hakudanganya hapo. Bi Tunu akaagiza maini; mumewe akashuka bondeni alfajiri kuyatafuta, akapanda nayo, na mkewe akayala yote. Bi Tunu akadhani ni minyoo, akamwambia muuguzi ampe dawa. Akamuuliza kama vidonge anameza. Anameza. Kila alichoulizwa kilikuwa kweli, isipokuwa kimoja, na hicho Bi Tunu hakukiuliza tena kwa kuwa alikwisha jibiwa.

"Sahani yako ni nzuri kuliko yangu mimi," akasema siku moja, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Damu yako inakwenda wapi, mwanangu?"

Niendiwe akalikaza pindo la kanga yake. Aliogopa. Aliona aibu kuwa miezi yote ile mtu alimwandika kwenye daftari kwa mkono wa upendo, na yeye alikuwa amemdanganya neno la kwanza kabisa. Kadiri siku zilivyopita, neno lile lilizidi kuwa zito kulitoa.

Alhamisi moja alipokuwa akipanda kwenda shambani pumzi ilimwishia. Akaketi katikati ya njia, ukungu ukampita juu. Mtoto, aliyezoea kumpiga teke saa kama zile, siku hiyo alijigeuza mara moja tu, tena kwa uvivu. Akajikokota hadi kwenye pembe yake ya shamba, na simu ikaita.

Bi Tunu hakutaka sahani siku hiyo.

"Maswali yangu ya chakula yamekwisha," akasema. "Niambie unaota nini."

Swali lile lilimkuta Niendiwe bila ngao. Akafumba macho, akasema kama mtu aliye bado usingizini, "Naota nimo ndani ya nyumba ya udongo, Bi. Mvua imetoka kunyesha, kuta ni za uvuguvugu. Ndani ya ukuta mmoja amelala mtoto wangu, kama mbegu. Namsikia anapumua. Mimi naula ukuta ili nimfikie. Naula, naula, na ukuta unazidi kuwa mwembamba, hata upepo unaanza kupenya. Kisha namsikia anatetemeka kwa baridi."

Kwenye simu zikasikika kurasa za daftari zikifunuliwa.

"Na ukiamka, Niendiwe, mdomo wako una ladha gani?"

Majani ya tangawizi yalikuwa yakidondosha maji. Niendiwe akaanza kulia.

"Ya udongo, Bi. Tangu siku ya kwanza. Nisamehe, nilikudanganya."

Alingoja kukemewa. Hakukemewa.

"Laiti ungejua nimekuwa nikilisha kivuli," Bi Tunu akasema taratibu. "Muuguzi anakuona mara moja kwa mwezi. Mimi huko juu sina macho kabisa. Jicho langu ni ulimi wako. Ulipoufunga, ulinipofusha, nami nikawa napapasa gizani nikimtafuta mwanao. Leo umenifungua macho. Sasa nipe mama mkwe wako, na mjiandae kushuka. Unatakiwa kuongezewa damu, na iwe leo hii."

Niendiwe akaita kwa nguvu zilizobaki. Mama Kadeghe akaja mbio kutoka nyumbani, akasikiliza simu, uso ukabadilika. Alipoirudisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Kumbe panya wangu ni wewe!" akasema, akacheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, huyo mumeo mimi nilimbeba kwa udongo wa ukuta huo huo, na mama mkwe wangu akaapa kuwa ni mchwa. Ungeniambia tungelia pamoja."

Vijana walimbeba kwa machela hadi bondeni, na gari likamfikisha mjini usiku huo huo. Pale wodini alisimama mama mfupi mwenye miwani, akamshika mkono. Niendiwe hakumjua. Mama yule aliposema, "Lalia kushoto, mwanangu," Niendiwe akafumba macho, na hapo ndipo alipomtambua.

Aliongezewa damu, akarudi Ikongwe. Hamu haikumwacha, lakini ilipomjia alikwenda shambani, akapiga simu na kusema, "Bi, leo nautaka ukuta," na Bi Tunu akazungumza naye, yeye akitafuna mbegu za maboga zilizokaangwa, mpaka hamu ikapita. Mara mbili alishindwa, akaula. Mara zote mbili alisema siku hiyo hiyo.

Miezi miwili baadaye alijifungua mjini, na mtoto alilia kwa sauti iliyowafanya wauguzi wazibe masikio. Niendiwe akawaomba wasimnyamazishe.

Siku ya kumtoa mtoto nje, wanawake wa Ikongwe walijaa uani. Mmoja wao, mjamzito wa miezi minne, akamuuliza Mama Kadeghe kwa dharau kidogo, "Hivi kweli mkunga aliye mjini ataona nini huku kwetu?" Mama Kadeghe alimtazama mkononi, akaona kucha zake zina vumbi jekundu la ukutani. Hakumwaibisha mbele za watu. Akampakata mjukuu vizuri, akamsogelea, akamnong'oneza:

"Mkunga wa mbali huona kwa ulimi wako."