Sahani Hairudi Tupu

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya majini na mashetani, ni zamani ya juzi tu, umeme ulikuwepo na ulikuwa unakatika vilevile, palikuwa na kisiwa. Jina silitaji. Nina wakwe kule.

Kisiwani hapo akaja mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, jina lake Solveig. Mtaa ukajaribu kulitamka, ukachoka, ukamwita Bi Sovi. Kwao ni baridi na theluji. Mume alishakufa, nyumba alishaiuza, na asubuhi hasalimiwi na mtu, anasalimiwa na redio. Watu wa kwao wakamwambia, "Nenda kisiwani! Pensheni yako hiyohiyo, kule utaishi kama malkia. Nazi zinaanguka zenyewe." Akaamini. Hakuuliza zinamwangukia nani.

Akapanga nyumba kichochoroni. Akanunua friji kubwa ya milango miwili, ikakwama kichochoroni nusu siku nzima, watu wakaenda sokoni kwa kuzunguka. Lakini alikuwa na furaha, jamani! Akitoka mlangoni mpaka sokoni anajibu salamu mpaka koo linamkauka.

Mlango wa pili alikaa Bi Kazija na mumewe, Mzee Makungu, mfuga kuku. Bi Kazija alipoona mgeni amefika, akafanya alivyofundishwa na bibi yake. Akapika muhogo wa nazi, akaweka na kipande cha samaki, akapakua katika sahani yake ya maua ya buluu, akafunika kawa, akapeleka. Muhogo tu, wala si karamu.

Bi Sovi akala, akalamba vidole. Akaosha sahani, akaenda nayo dukani kwa Shaame, akauliza, "Sahani ya watu nairudishaje?"

Shaame akasema, "Ee mama, huku kwetu sahani hairudi tupu."

Hakumwambia kwamba hata ndimu mbili zinatosha. Mwenye duka yule, atasemaje? Akanyoosha mkono rafu ya juu, akashusha jibini lililokuja kwa ndege. Bei yake, mbuzi jike mwenye mimba. Bi Sovi akalipa, akaweka katika sahani, akapeleka.

Mzee Makungu akafunua kawa, akaruka nyuma. "Limeoza hili!"

"Halijaoza, Baba Nunu. Ndivyo lilivyo," akasema mkewe.

"Basi limezaliwa limeoza."

Bi Kazija akaenda dukani kuuliza bei. Alirudi anashika ukuta. "Baba Nunu, mimi nimefedheheka! Mtu nimempa muhogo, kanirudishia mbuzi! Uso wangu nitauweka wapi?" Kesho yake akachinja kuku, akapika biriani, akapeleka.

Bi Sovi kuiona biriani akashika kichwa. "Masikini mimi! Wao wamechinja, na mimi nilipeleka kijipande cha jibini!" Huyo, mbio kwa Shaame.

Basi tena! Sahani ikaenda na pilau, ikarudi na siagi ya kopo. Sahani ikaenda na kuku wa kupaka, ikarudi na maepo mekundu. Sahani ikaenda na kamba wa nazi, ikarudi na jibini jingine, hili sasa lina madoa ya kijani. Jibini Bi Kazija alimpa paka. Paka alinusa, akahama mtaa. Biriani Bi Sovi aliila kwa adabu, kisha akashinda ameshika tumbo. Kuku wakapungua bandani. Mzee Makungu alikuwa anakula, anabeua, ananyamaza. Na Shaame alikuwa anauza, anatabasamu, ananyamaza.

Wewe unayetafuna karanga pale, usicheke. Kwenu hamfanyi hivyo kwenye harusi?

Siku moja Bi Sovi akaingia dukani macho mekundu. "Shaame, mwanangu, leo nipe jibini la mwisho. Mwezi ujao narudi kwetu."

"Kwa nini, mama? Umeudhiwa?"

"Na nani? Watu wa hapa ni wema mno. Ila kisiwa hiki ni ghali! Pensheni haifiki katikati ya mwezi. Mimi sitaki kurudi. Kule nitarudi kwa nani? Lakini nikibaki nitaomba barabarani." Akalia palepale, mbele ya magunia ya mchele.

Shaame akahisi kitu kimemchoma. Akatazama rafu ya juu, akamtazama mama wa watu. Akasema, "Jibini limekwisha."

"Siagi?"

"Imekwisha."

"Maepo?"

"Ndege haikuja, mama." Uongo mtupu! Bi Sovi alipotoka tu, Shaame akavificha vyote chini ya magunia.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bi Sovi ana sahani ya watu, na hana cha kutia. Tupu hairudi, na ya kujaza hakuna. Akafunga madirisha, akaanza kukunja nguo. Huku Bi Kazija anachungulia, "Sahani yangu haijarudi! Nilizidisha chumvi? Nimemkosea nini?" Chakula hakimshuki.

Mzee Makungu akachoka. Akaenda kugonga mlango. "Hodi, Bi Sovi! Nimekuja kuchukua sahani ya mke wangu."

"Sina cha kutia, Mzee Makungu. Naona haya."

"Alhamdulillahi! Usitie! Jibini lako tunampa paka, na paka ametukimbia. Kuku wangu wote wamekuja kwako ndani ya biriani. Amebaki jogoo peke yake, na kila nikimtazama anajificha. Bi Sovi, unatumaliza!"

Bi Sovi akakaa chini kwenye kasha lake. Uso ukamwiva. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. "Na mimi biriani zenu zinaniua tumbo! Mimi nilipenda ule muhogo wa siku ya kwanza."

"Basi imekwisha!"

"Haijaisha. Sahani je?" Akamnyooshea.

Mzee Makungu akarudisha mikono nyuma. Ulimi anao, lakini kupita kichochoroni na sahani tupu, mbele ya wanawake wamekaa wanachambua mchele? Hawezi. Akaondoka mikono mitupu, akamweleza mkewe yote. Bi Kazija akasema, "Umemwambia mgeni kwamba jibini lake kala paka? Leo utalala barazani na jogoo wako." Na akalala.

Asubuhi, watu wamejaa kichochoroni, Bi Kazija akavaa kanga zake nzuri, akaenda kwa Bi Sovi, akachukua sahani mkononi mwake. Tupu, inang'aa. Hakuificha ndani ya kanga, akaishika wazi, akapita nayo katikati ya watu. Wanawake wakasonya. Mama mkwe wake alikuwepo, akageuza uso ukutani. "Sahani ya mwanamke wa ukoo wetu, inarudi tupu!" Bi Kazija akatembea polepole mpaka akaingia kwake.

Jioni akapeleka muhogo wa nazi. Na Bi Sovi akarudisha sahani ina mchicha uliojiotea nyuma ya nyumba yake. Toka hapo ni hivyo, muhogo na mchicha, shelisheli na ndimu. Pensheni ikafika mwisho wa mwezi, ikapumzika, ikavuka. Nguo zikatoka kashani. Bi Sovi hakuondoka.

Ila friji sasa ilibaki tupu, inakula umeme bure. Bi Sovi akaizima, akaitoa mlangoni, akatangaza, "Mimi nimebaki hapa kwa ajili ya mtu. Huyo aliyenibakisha aichukue."

Shaame alikuwa ameshafika na mkokoteni.

"Ni yangu," akasema Shaame. "Nani alimnyima jibini? Mimi! Nilimfukuza mteja wangu bora kwa ulimi wangu mwenyewe. Lile jibini likanuka chini ya mchele, mchele ukanuka, wateja wakahama. Nimekula hasara."

"Hasara gani?" akasema Mzee Makungu. "Ulimuuzia mbuzi zizi zima ndipo ukaona huruma! Na uongo wako ulimfanya afunge mizigo. Friji ni yangu. Ukweli aliusema nani? Mtaa mzima mliuficha kwa adabu zenu. Nikausema mimi, nikalala nje, nikaumwa na mbu."

"Ukweli!" akasema Bi Kazija. "Mbona hukuusema siku ya biriani ya kwanza? Ulingoja kuku waishe! Na ulipopewa sahani, ulikimbia. Mbu wanakwenda zao asubuhi, na hasara ya duka hufidiwa. Mama mkwe wangu mpaka leo haniitikii salamu. Friji ni yangu."

"Moto uliuwasha wewe mwenyewe kwa biriani yako," akasema mumewe, "sasa unataka tuzo kwa kuuzima?"

Bi Sovi akawatazama, mmoja, wa pili, wa tatu. Akasema, "Mimi mgeni. Amueni nyinyi." Akaingia ndani, muhogo wake usipoe.

Na msiniambie wagawane, friji haikatwi kama muhogo. Msiniambie apewe paka, paka hajarudi mpaka leo. Ile friji iko kichochoroni imeziba njia, watu wanazunguka, na wingu la masika limeshajaa. Mmoja alisema uongo, akapoteza wateja. Mmoja alisema kweli, akapoteza kitanda. Mmoja hakusema neno, akapoteza jina. Semeni upesi kabla mvua haijanyesha. Je, nani alistahili?