Mabati ya Mgeni Rasmi

Hapo zamani, si zamani ile ya majini na wafalme, bali zamani ya juzijuzi tu, wakati kila mtu ameshanunua simu na hakuna ambaye simu yake ina chaji, palikuwa na mji mdogo wa machungwa, na katika mji huo palikuwa na Kituo cha Sanaa cha Kwamtunda. Kituo kilikuwa na kila kitu isipokuwa paa. Naam, bati zilikuwapo juu, lakini zilikuwa zimetoboka kiasi kwamba masika yakija mvua ilikuwa ikiingia ukumbini bila kupiga hodi.

Chini ya bati hizo walifanya kazi wasanii watatu.

Wa kwanza ni Mzee Mdachi, mtengeneza ngoma. Nyumbani ngoma zake zililala uvunguni, na mkwewe alikuwa ameanza kuuliza kwa upole, kila siku, kwa nini uvungu wa watu wengine unawekwa viatu.

Wa pili ni Siwatu, mwigizaji. Mchana aliuza misumari na rangi katika duka la tajiri mmoja wa mjini, jioni aliwafundisha watoto maigizo barazani, huku pikipiki zikipita na kumeza sauti zao.

Wa tatu ni Mwanamvua, na hadithi hii ni yake kuliko ya wenzake. Mwanamvua alitengeneza batiki. Kazi ya batiki inataka nta iyeyushwe, na nta inataka jiko, na jiko la Mwanamvua lilikaa katika ua wa nyumba ya kupanga, chini ya kamba za kuanikia nguo za wapangaji wote. Siku shuka nyeupe ya mama mwenye nyumba, Bi Mwanakheri, ilipopata doa la nta, tena la umbo la bata, bi huyo alimwita.

"Mwanamvua, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na jiko lako. Mwezi ujao sitaki kuliona."

"Bi Mwanakheri, nikiondoa jiko ninakula nini?"

"Hilo sasa ni swali la mwenye tumbo."

Basi. Kituoni palikuwa na chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani na mlango wake peke yake. Mzee Mdachi alikitaka. Siwatu alikitaka. Kwa Mwanamvua haikuwa kutaka tu. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mwenyekiti wa kituo, Mwalimu Hoza, mtu ambaye hawezi kuomba chumvi bila kuwataja waheshimiwa walioko mezani, akasimama kikaoni.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, ingawa kikaoni walikuwa watu wanne na mmoja amelala. "Tutafanya harambee ya paa. Na chumba cha mbele atapewa yule atakayeifanya harambee hiyo ifaulu. Mmoja. Si wawili, wala si kwa zamu."

Sasa, kabla hatujafika mbali, lazima mjue adabu za harambee za Kwamtunda. Mtu hatoi ahadi kabla ya mgeni rasmi. Na akishatoa mgeni rasmi, mtu hamzidi. Mgeni rasmi akiahidi bati kumi, wewe mwenye uwezo wa ishirini utaahidi tisa, utatabasamu, na utakwenda kukaa. Ndiyo maana kumchagua mgeni rasmi ni kazi nyeti: akiwa mkono wa birika, mji mzima unakuwa mkono wa birika kwa heshima yake.

Safari hii walimchagua yule tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi, bosi wa Siwatu. Jina lake sina haja nalo. Hata wao kuanzia siku ile walimwita mgeni rasmi tu, kama kwamba mama yake alimzaa na cheo hicho. Alikubali. Jina lake likabandikwa kwenye kuta na miti, herufi kubwa kuliko jina la kituo.

Siku ikafika, siku ya Jumamosi, alasiri. Watu wakaja na nguo zao za sikukuu. Meza kuu ikatandikwa kitambaa alichokitia nta Mwanamvua mwenyewe. Kiti cha mgeni rasmi kikawekewa mto.

Watu wakakaa. Mgeni rasmi hakuja.

Mwalimu Hoza akapiga simu. "Yuko njiani," akatangaza. Watu wakakaa. Mgeni rasmi hakuja.

Mwalimu Hoza akapiga tena. "Yuko njiani kabisa," akatangaza. Ngoma zisianze? Zisianze, mgeni rasmi hajaingia. Watoto wasiimbe? Wasiimbe. Soda zisifunguliwe? Nani afungue soda mbele ya kiti kitupu! Watu wakakaa, wakajipepea, wakatazamana. Kisha wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wakijidai wanakwenda kuangalia kitu nje. Mwanamvua naye, aliyeleta vitambaa vya kuuza na hakuwa ameuza hata kimoja, akaanza kukunja vitambaa vyake.

Hapo ndipo ngoma ilipolia.

Mzee Mdachi alikuwa ameshawasha moto wa majani makavu ya mgomba nyuma ya ukumbi, ameipasha ngoma yake kubwa, ile aliyoiwamba kwa miezi na ambayo mnunuzi wake alikuwa aje kuichukua Jumatatu. Akaingia nayo ukumbini, hakumwomba mtu ruhusa, akapiga.

"Mzee Mdachi!" Mwalimu Hoza alishika kichwa. "Itifaki!"

"Aje acheze na yeye," alijibu mzee, na mikono haikusimama.

Waliokuwa mlangoni wakageuka. Waliokuwa barabarani wakarudi. Wapakia machungwa waliotoka kazini wakaingia, wakajaa nyuma kabisa. Mwanamvua alitupa vitambaa akaingia uwanjani, maana ngoma ile haikuwa na adabu ya kumwacha mtu akae. Mzee akapiga, akapiga, mpaka ngozi ikapasuka, mpasuko mrefu katikati kama mdomo uliocheka. Mnunuzi wa Jumatatu akaishia hapo.

Watu walikuwapo sasa, wamejaa, wana jasho na furaha. Lakini nani aahidi? Kiti kilikuwa bado kitupu. Kila mwenye uwezo alimtazama mwenzake. Hakuna aliyethubutu.

Siwatu akavaa koti la Mwalimu Hoza, likamfika magotini. Akavaa miwani ya mtu. Akaingia kwa mlango wa wageni, tumbo mbele, mikono nyuma, akakohoa mara mbili kama anavyokohoa tajiri wake akitaka kukukata mshahara. Mstari wa mbele ukaangua kicheko. Akaketi juu ya mto. Akagonga kipaza sauti.

"Nimechelewa," alisema kwa sauti nzito ya bosi wake, "kwa sababu mimi ni mtu muhimu. Na mtu muhimu akiwahi, mtajuaje kwamba ni muhimu?"

Watu hoi.

"Sasa mimi, mgeni rasmi, natoa mabati sitini!"

Hapo kicheko kikapungua kidogo. Waliomwona walijua ni mchezo, lakini kila mtu alisikia pia kwamba mgeni rasmi ameshatoa, na dari aliyowawekea ilikuwa juu sana. Fundi mmoja wa cherehani akasimama, bado anacheka: "Basi mimi kumi!" Muuza samaki akasema kumi na tano. Na kule nyuma, wapakia machungwa, ambao hawakuona jukwaa kwa vichwa vya watu na walisikia spika tu, hawakujua mchezo wowote. Walijadiliana, wakakusanya nguvu, wakapeleka neno: mabati ishirini. Ilipofika saa ya kufunga, paa lilikuwa limekamilika, kwa maneno.

Jumatatu, Siwatu alifika kazini akakuta mtu mwingine amesimama nyuma ya kaunta yake. Bosi hakusema mengi. "Umenichekesha sana," alimwambia, bila kucheka.

Siku chache baadaye habari ikawafikia wapakia machungwa. Msemaji wao, mtu mpana anayeitwa Kibua, akaja kituoni.

"Tunasikia mgeni rasmi alikuwa mwanamke mwenye koti."

"Ulikuwa mchezo," Mwalimu Hoza alikiri.

"Hatuna neno. Kama sitini zake ni mchezo, na ishirini zetu ni mchezo. Tulicheza vizuri, tunashukuru." Akaaga.

Akatoka Kibua, akaingia fundi cherehani kuuliza kwa adabu kama ni kweli kwamba Kibua amejitoa. Akatoka fundi, akaja muuza samaki. Mwanamvua alikuwa ukumbini anafagia maji ya mvua ya jana, na alisikia paa likitoka bati baada ya bati, kwa sauti za upole, watu wakiulizia hali ya familia kwanza.

Hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akaichukua sufuria yake kubwa ya kuyeyushia nta, mihuri yake ya mbao aliyoirithi kwa shangazi, na vitambaa vyote vilivyokwisha na visivyokwisha, akamwuzia mwanamke wa kutoka jijini aliyekuwa akivitamani siku nyingi. Akanunua mabati. Si katika duka la tajiri. Mtu ana mipaka. Akayapakia kwenye mkokoteni, akamwambia mvutaji:

"Ukifika, sema yametoka kwa mgeni rasmi."

"Sitini yote haya?"

"Sema hivyohivyo, kaka yangu. Usiongeze, usipunguze."

Mkokoteni ulipita sokoni mchana kweupe, mabati yakipiga kelele kama harusi. Kibua aliyaona. Akavua kofia. "Kumbe alikuwa kweli!" Jioni ishirini zao zikaja. Kesho yake za fundi, za muuza samaki, za wote. Paa likapigwa misumari kabla ya mwezi kwisha.

Na mgeni rasmi? Alipongezwa msikitini, alipongezwa kwa kinyozi, huku akijua vyema kwamba hakutuma hata kipande. Akasema, "Ni wajibu wetu."

Siku ya kufungua ukumbi alikuja. Aliwahi, hata. Katikati ya ukumbi walikuwa wameiweka ile ngoma iliyopasuka kama kumbukumbu, na Mwalimu Hoza alisimama karibu nayo, ufunguo wa chumba cha mbele mkononi.

"Itifaki imezingatiwa," alianza. "Kwa kuwa mabati yaliyoamsha ahadi zetu zote yametoka kwa mgeni rasmi..."

"Samahani, Mwalimu." Siwatu alisimama. "Huyu alitoa kikohozi tu, tena nilimtolea mimi. Sitini nilizitamka mimi. Watu walikaa na mikono mifukoni. Mdomo wangu ndio ulioitoa. Na kazi nimepoteza. Chumba ni changu."

"Ulizitamka kwa jina la nani?" Mgeni rasmi alitabasamu. "Kwa jina lako ungesikilizwa? Watu walikuja kwa jina langu, wakatoa kwa jina langu, wakarudi kwa jina langu. Mimi chumba nitakifanya ofisi ya mlezi wa kituo."

"Walikuja kwa jina lako," Mzee Mdachi aliitikia taratibu, "na kwa jina lako walikuwa wanaondoka. Mlangoni walirudishwa na hii." Akaigusa ngoma. "Mwanangu Siwatu, ungeigiza mbele ya viti? Bila watu ahadi ingetoka wapi?"

"Na mabati mngeyatoa wapi, wewe na yeye?" Mwanamvua alisikia sauti yake mwenyewe, kavu, kama ya mtu mwingine. "Sitini yale niliyanunua mimi. Muulizeni mvuta mkokoteni."

Mgeni rasmi alianza kutazama saa yake.

Siwatu akasogea mbele. "Dada Mwanamvua. Uliyanunua na nini?"

"Na sufuria. Na mihuri."

"Mihuri ya shangazi yako?" Siwatu alishusha pumzi, na hasira ikamtoka, lakini hoja haikumtoka. "Sasa chumba utakifanyia nini, shoga yangu? Huna nta, huna sufuria. Ukae dirishani uhesabu pikipiki? Mimi nina watoto thelathini barazani."

"Nami nina ngoma saba uvunguni," alisema Mzee Mdachi.

Mwanamvua alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa akikunja vitambaa aende zake ngoma ilipomrudisha. Alikumbuka alivyocheka mpaka akashika mbavu kwa kile kikohozi. Alijua pia kwamba mwezi umekwisha, na kwamba hata jiko lenyewe, Bi Mwanakheri alikuwa ameshalitoa nje ya ua.

"Nitaanza upya," alisema hatimaye. "Ila mtu anaanzia mahali."

Mwalimu Hoza aliwatazama wote wanne. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua nani atajwe mbele ya nani. Akauweka ufunguo juu ya ngoma, kama juu ya meza, ili afute jasho. Ufunguo ukateleza kwenye ngozi, ukafika kwenye mpasuko, ukatumbukia ndani. Walisikia ukigonga ubao chini kabisa.

Juu, mvua ikaanza. Kwa mara ya kwanza haikuingia. Watu waliinua vichwa wakaisikiliza, kisha wakavishusha wakaitazama ngoma. Mpasuko ule ulitosha kupitisha mkono mmoja, si miwili.

Haya, ninyi mnaosikiliza, mliokaa pakavu: mkono wa nani ulistahili kuingia?