Jina la Ukumbi wa Katiba

Sogeeni, nyinyi mnaopenda kuhukumu, niwape kesi. Kihwelo alikuwa na ulimi wa kupatanisha. Bi Mwanakheri alikuwa na vidole visivyokosea kwenye taipureta. Sembuli, tarishi, alikuwa na miguu isiyochoka. Aliyewaomba wote watatu wamsaidie ni Mzee Nyagawa, mwenyekiti wa mkutano wa kuandika katiba, na ndiye peke yake aliyebaki hai.

Nchi yao ilikuwa changa, na wajumbe walikuwa wamegombana miezi tisa juu ya ardhi. Zilibaki siku tatu. Zikiisha bila katiba, kila upande ungeshika bunduki.

Siku ya kwanza Nyagawa alimwambia Kihwelo, "Ndugu yangu, tupatanishe." Kihwelo akazunguka meza hadi meza, mpaka akapata kifungu cha ardhi ambacho pande zote mbili zilikikubali. Watu wa kwao wakamwita msaliti. Hakurudi kwao tena, na hata kaburi lake liko ugenini.

Siku ya pili akamwendea Bi Mwanakheri. "Dada, ni kurasa mia moja na kumi, zinatakiwa kesho asubuhi." Mchana ule zikamfikia habari kwamba baba yake amefariki na anazikwa alasiri. Alifuta macho kwa kanga, akaingiza karatasi nyingine.

Siku ya tatu mafuriko yalikuwa yamezoa daraja, na wajumbe wa ng'ambo ya mto walikuwa wakisubiri kutia saini. Sembuli hakuombwa mara mbili. "Nipe, mheshimiwa," alisema, akafunga karatasi kichwani kwa turubai, akaingia majini. Saini zilipatikana. Mguu wake uliopondwa na gogo ulikatwa.

Miaka hamsini ikapita. Bunge likaamua ukumbi mpya upewe jina la mtu mmoja tu, na Mzee Nyagawa amchague kati ya wale watatu na kumtaja katika hotuba ya kumbukumbu. Aliiandika wiki nzima, peke yake sebuleni. Kila alipofika penye jina aliacha nafasi wazi. Alitamani awepo mtu wa kumwuliza, "Unakumbuka?" Hakuwepo, na upweke huo ulimuuma kuliko magoti yake.

Siku ikafika. Kwenye safu ya mbele walikaa binti wa Kihwelo, mjukuu wa Bi Mwanakheri na mjane wa Sembuli. Mzee alisoma vizuri mpaka penye nafasi. Alijua kwamba mmoja ataandikwa mlangoni. Wale wawili hawakuwa na pengine pa kukaa ila kichwani mwake, na kichwa chenyewe kilikuwa na miaka themanini na sita.

Spika akamnong'oneza, "Mzee, jina."

Mzee akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Wawili kati yao," alisema, "watanisamehe."

Namwacha hapo, amesimama peke yake mbele ya umati, na wote wanamngoja. Wenzake wa kushauriana nao hawapo tena, amebaki na nyinyi. Je, ungekuwa wewe, ungelitaja la nani?