Simu Zilizoita Chini ya Udongo

Wanangu, mpo?

Tupo!

Aliyelala?

Hayupo!

Na masikio yenu mmemwekea nani?

Wewe, mama! Lete!

Haya, naleta. Hapo zamani, zamani sana, kabla bibi wa bibi yenu hajaota jino, wanyama walikuwa na gulio lao mahali panapoitwa Ukindu. Waliuza kunde, waliuza mikeka, waliuza vyungu. Simu hakuuza mtu.

Simu zilikuwepo zamani hizo? Zilikuwepo. Za wanyama zilikuwepo. Tulia, mwanangu, usinipoteze.

Basi kulikuwa na Kindi. Kindi alikuwa na watoto watatu, wawili wa kukimbia na mmoja wa mgongoni, na aliwalea peke yake. Alikuwa mchapakazi, ila kichwa chake kilikuwa kinasahau. Akichimbia karanga huku na huku, akirudi anakuta nusu. Nusu nyingine hajui iko wapi. Ukindu nzima walilijua jambo hilo, wakamcheka, lakini bila ubaya.

Mwaka mmoja Kunguru, mleta bidhaa kutoka mjini, alitua mlangoni kwake.

"Mama Kindi, hodi! Nina simu saba za batani. Nipe karanga zote za ghalani, nikupe simu zote saba. Utauza kila moja kwa kikapu kizima cha karanga. Ghala litajaa hadi mlangoni."

"Karanga zote? Hizo ndizo za kulisha watoto kiangazi."

"Si utazirudisha na zaidi? Gulio zima hakuna duka la simu. Wewe utakuwa wa kwanza."

Kindi alifikiri. Akawatazama watoto. Akafikiri tena, akatoa karanga zote.

Kunguru alikuwa mfanyabiashara wa haki. Hakuondoka hivi hivi. "Zijaribu zote mbele yangu," alisema, "usije kesho ukasema nimekuuzia makopo." Kindi akachukua kitochi chake, simu yake ndogo ya zamani, akaipigia simu ya kwanza, ikaita. Ngiri, ngiri, ngiri! Akaipigia ya pili, ikaita. Akapiga hadi ya saba, zote zikaita. Kunguru akaridhika, akaruka zake.

Siku ya gulio Kindi akatandika kanga mezani, akazipanga simu zake, akakaa nyuma yake na mtoto mgongoni. Duka limefunguliwa!

Wa kwanza kuja alikuwa Fungo. Mnamjua Fungo? Ana koti la madoadoa, na ana harufu kali. Kwa sababu ya harufu ile, wanyama walimsalimia kwa mbali, tena wakiwa wameshapita. Lakini Kindi alimwambia, "Sogea, shemeji, mbona umesimama kama mgeni?" Akampa kigoda. Akampa na uji.

Fungo akanywa uji, akazitazama zile simu. Akazitazama sana. Kisha akasema:

"Shemeji Kindi, wateja watazishikashika, zitachakaa kabla hujauza. Ziondoe mezani. Ziweke kikapuni."

Kindi akaona ni kweli. Akazitia kikapuni.

Gulio lililofuata Fungo alikuja tena, akanywa uji tena, akasema:

"Shemeji, zote umeziweka kikapu kimoja? Mwizi akibeba kikapu si amebeba duka? Zitawanye."

Kindi akaona ni kweli. Akazitawanya, nyingine chini ya jiwe, nyingine ndani ya chungu.

Gulio la tatu Fungo alikuja, uji ukamngoja kigodani. Akasema:

"Shemeji, chini ya jiwe hata mtoto anafunua. Zichimbie. Funga kila moja kwenye jani la mgomba, uichimbie mahali pake. Na usiweke alama, maana alama inamwelekeza mwizi."

Kindi akaona hilo nalo ni kweli. Wanangu, maneno yote matatu ukiyasikiliza yana akili. Hata mimi nikiyasikiliza sijui ningekataa lipi. Akachimba mashimo saba huku na huku gulioni, akafukia simu saba, akasawazisha udongo kwa mkia. Alipomaliza akasimama katikati ya uwanja, hajui hata moja iko wapi.

Gulio la nne akaja Ngiri, mkia juu, haraka haraka. "Mama, nataka simu!"

"Karibu, baba! Ngoja nikuletee." Kindi akachimba hapa, hakuna. Akachimba pale, hakuna. Akapata karanga kavu ya mwaka juzi.

"Mama Kindi," akasema Ngiri, "unauza simu au unapanda viazi?" Akaondoka anacheka.

Akaja Korongo, miguu mirefu, shingo imenyooka. "Naomba kuona simu, tafadhali."

"Karibu, mama! Ngoja nikuletee." Akachimba huku, hakuna. Akachimba kule, hakuna. Korongo akatazama mashimo, akatazama miguu yake, akaogopa kuivunja. Naye akaenda.

Akaja Digidigi. Digidigi ana macho makubwa na sauti ndogo. Mama yake mzazi aliishi ng'ambo ya mto, alikuwa mgonjwa, na Digidigi alitaka simu ili amsikie. Alikuwa amebeba kikapu cha karanga kichwani tangu alfajiri.

"Karibu, dada. Ngoja..." Kindi akachimba hapa, hakuna. Akachimba pale, hakuna. Akakaa chini, udongo umejaa kwenye masharubu, akaanza kulia. "Dada, wasubiri nini? Ondoka tu kama wenzako. Nimepoteza duka. Nimepoteza chakula cha wanangu. Jana wamelala na maji ya moto, nikawaambia ni mchuzi."

Digidigi hakuondoka. Wala hakusema pole nyingi. Alitua kikapu chake, akawapa wale watoto wawili karanga za kutafuna, akasema, "Huwezi kuchimba na mtoto mgongoni. Nipe mimi nimbebe."

Kindi akafungua mbeleko, akampa. Mtoto alikuwa anang'ang'ania kitochi cha mama yake, maana akinyang'anywa anapiga kelele. Wakamwachia. Kindi akarudi kuchimba, Digidigi akawa anambembeleza mtoto.

Mara wakasikia: ngiri, ngiri, ngiri!

Ikatoka chini ya ardhi.

Ngiri alikuwa amesimama palepale juu yake akinunua kunde. Akaruka juu, kunde zikamwagika. "Nani ananiita? Nani ananiita kutoka chini?"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akaona afadhali, akasahau kuuteremsha ule mwingine. Muuza vyungu akajificha ndani ya chungu chake. Gulio zima likachanganyikiwa. Huyu anasema ni mizimu, huyu anasema ni tetemeko, huyu anauliza tetemeko gani linaimba.

Wakamwita Mhanga. Mzee Mhanga ndiye anayelala chini ya ardhi, ndiye anayeijua. Akatoka shimoni anapikicha macho.

"Mzee, ardhi inaimba!"

"Mimi nimezaliwa humo chini," akasema Mhanga, "nimeoa humo chini. Sijawahi kuisikia ikiimba. Labda imeanza leo."

Ikanyamaza. Wakatazamana. Ikaita tena, safari hii karibu na mikeka! Wakakimbilia kwenye vyungu. Ikaita kwenye vyungu! Wakakimbilia kwenye mikeka.

Digidigi peke yake hakukimbia, kwa sababu alikuwa amebeba mtoto wa mwenzake. Akaona jambo. Mtoto akibonyeza kitochi, ardhi inaita. Mtoto akiacha kubonyeza akakiweka mdomoni, ardhi inanyamaza.

"Mama Kindi," akaita kwa sauti yake ndogo. "Mama Kindi, hebu njoo umwone mwanao. Hizi simu uliwahi kuzipigia?"

Kindi akasimama na udongo mikononi. "Nilizipigia zote. Siku ile, mbele ya Kunguru." Akashika kichwa. "Namba zote zimo humu humu! Mimi nachimba dunia nzima, namba zinatafunwa na mtoto!"

"Basi tufanye haraka. Chaji zikiisha hatutazisikia tena."

Kindi akapiga ya kwanza. Ngiri, ngiri, ngiri! Mzee Mhanga akafuata sauti, akachimba kwa kucha zake kubwa, akaitoa. Akapiga ya pili, Mhanga akachimba, akaitoa. Wale waliokuwa wamekimbia wakarudi mmoja mmoja. Wakaanza kusaidia kusikiliza, wanalaza masikio chini, "Iko huku, mzee! Huku!" Ngiri mwenyewe akachimba kwa meno yake marefu, maana aliona aibu kwa yale maneno ya viazi. Zikatoka tatu, zikatoka nne, zikatoka sita.

Kindi akapiga ya saba.

Wakalaza masikio chini. Kimya. Wakalaza huku. Kimya. Kisha ikaita: ngiri, ngiri, ngiri! Lakini haikutoka chini. Ilitoka nyuma yao, pale mwisho wa gulio, alipokuwa amesimama mtu ambaye hakuna aliyekuwa amesimama karibu naye.

"Haloo!" ikasema sauti yenye furaha kubwa. "Haloo! Haloo! Jamani, nani huyo? Nani amenikumbuka?"

Kindi akaisikia sauti ile kwenye sikio lake, akaisikia na nyuma yake. Akasema taratibu kwenye kitochi, "Ni mimi. Ni Mama Kindi."

"Shemeji Kindi! Wewe ndiye umenipigia? Sijawahi kupigiwa, shemeji! Siku zote nakaa nayo, nakaa nayo, hainiiti..."

Mwenye sauti akageuka. Akaona gulio zima linamtazama. Akashusha simu polepole kutoka sikioni. Alikuwa Fungo, na koti lake la madoadoa. "Ndiye aliyenishauri nizifukie!" akasema Kindi.

"Mwizi!" akafoka Ngiri. "Alimshauri afukie, akamnyatia, akanusa zilipo! Tumpige!"

"Ngoja," akasema Kindi. Akamsogelea Fungo. "Shemeji, nilikupa kigoda."

"Ulinipa."

"Nilikupa uji mara tatu."

"Ulinipa. Ndiyo maana nilichukua moja tu." Fungo akatazama chini. "Zikiwa mezani ningechukua ungeiona. Zikiwa zimefukiwa, ungedhani umesahau. Karanga za kununulia sina. Nilitaka nami nipigiwe kama wenzangu. Lakini nikikaa nayo, haiiti. Nimpe nani namba? Nikimpa mtu namba ataniuliza simu nimetoa wapi. Basi nikawa nayo, na sina."

Baadhi ya wanyama wakakumbuka walivyokuwa wakimsalimia wakiwa wameshapita.

Kindi akafuta masharubu. "Lete simu."

Fungo akaleta.

Kindi akaipangusa, akamgeukia Digidigi. "Chagua uitakayo, dada, katika saba hizi." Digidigi akachagua, akatoa kikapu chake cha karanga. Wale watoto wawili walikuwa wameshakipunguza, lakini Kindi hakuuliza, alikipokea kwa mikono miwili. Palepale Digidigi akampigia jirani wa mama yake. Mlio ukaenda, ukaenda, jirani akapokea, akampelekea mama simu, kisha wote wakasikia sauti ya kikongwe inakohoa, ikasema, "Nani huyo, mwanangu?" Digidigi akalia tu, na yule mama kule ng'ambo akawa anasema, "Nakusikia, nakusikia."

"Na huyu?" Ngiri akamwonyesha Fungo. "Tunamfanyaje?"

Kindi akafikiri. "Ataketi hapa dukani kwangu, mezani, mbele ya wote, mpaka kazi yake ifike thamani ya simu moja. Kila simu ninayouza nitaijaribu mbele ya mteja. Simu inayojaribiwa lazima impigie mtu. Itampigia yeye kwenye kitochi changu, na yeye atapokea."

"Mwizi anapewa kazi?" akasema Ngiri. "Mimi sielewi."

"Hata mimi sielewi vizuri," akasema Kindi. "Ila nataka awe mahali ninapomwona."

Ikawa hivyo. Simu zikarudi mezani, zote zinaonekana. Korongo akanunua, Mzee Mhanga akanunua, Ngiri akanunua na kulipa zaidi kidogo kwa ajili ya yale maneno. Na kila ilipouzwa simu, kitochi kiliita, na Fungo akapokea kwa sauti ya kusikika gulio zima, "Haloo! Nani amenikumbuka?" Na mteja aliyesimama mbele yake akajibu, akicheka, "Ni mimi hapa, Fungo!" Baadaye wakaanza kumpigia hata wasiokuwa na la kununua.

Ghala la Kindi likajaa kabla ya kiangazi. Ila kichwa chake hakikubadilika. Ndiyo maana mpaka leo mkimwona kindi anachimba, mtamwona anasimama ghafla, mikono kifuani, ametega sikio. Anasikiliza kama chini kutaita.

Wanangu, ngano hii inatufundisha hivi. Mwenye duka aweke bidhaa yake mahali inapoonekana, aijaribu mbele ya mteja, wala asifuate kila shauri kwa sababu tu lina maneno mazuri. Na kitu cha wizi hakina raha, maana huwezi kumwambia mtu kwamba unacho. Na ukimkuta mwenzako analia na kazi mkononi, mpokee mtoto.

Ngano nimeitua chini. Nani ataiokota?

Sisi!

Mtaipeleka wapi?

Kwa asiyeisikia!

Haya, iokoteni. Mimi naenda kulaza mtoto.